Hiyo Ndege, Nani Alilipa?

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwa kibanda cha mboga hapa Kianda, nangoja sukuma yangu ikatwe. Mathe mwenye kibanda akaniuliza swali bila hata kuinua macho. Kisu kinaenda tu.

"Kijana yangu, ile ndege ulipanda ukienda mlimani, nani alilipa?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Aah, Mama, si ni kazi tu."

Yeye hakucheka. "Kazi ya nani? Kwa sababu huyu wangu aliona hiyo kazi yako akaenda kukopa."

Sukuma niliibeba nikaenda nayo nyumbani lakini siku hiyo sikupika.

Wengi wenu mnaijua ile vidio. Kama hukuiona, ni sekunde 40. Bawa la ndege juu ya mawingu, mimi na miwani, halafu ghafla niko mlimani na kikombe cha chai, na chini nimeandika: "Kutoka Kianda hadi Mlima Kenya, dakika 45." Hakuna vidio yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Watu walinitumia moto na makofi. Msee mmoja akaandika, "Ghetto imefika." Nilisoma hiyo mara kama kumi.

Sasa huyu kijana wa mathe ana miaka 19. Anafanya mjengo, na alikuwa anaweka pesa kidogo kidogo aanze kozi ya umeme. Msichana wake alikuwa anafikisha miaka. Akaona vidio yangu, akapiga hesabu, akachukua pesa ya kozi, akajazia na mkopo wa app tatu tofauti. Wakapanda ndege wawili, kwenda tu. Nanyuki walikaa usiku mmoja, mlima hawakuuona kwa sababu ya mawingu, na kurudi walirudi na matatu wakiwa wamebaki na pesa ya nauli peke yake. Kozi ilianza bila yeye. Zile app zikaanza kupigia mathe simu, kibandani, mbele ya wateja.

Amenikubalia niandike haya bila jina lake. Nitarudi kwake baadaye. Kwanza nataka niwaambie hiyo siku yangu ilivyokuwa, yote, na vile vipande nilivyokata.

Nani alilipa? Si mimi. Kuna kampuni ya safari ilinitafuta, ikanipa tikiti, chakula na pesa kidogo, na mimi niwape vidio tatu. Tikiti yenyewe ilikuwa zaidi ya elfu kumi na tano, na hiyo ni upande mmoja. Mimi hiyo pesa sijawahi kuishika mara moja mkononi nikaitumia kwa raha. Lakini kwa vidio sikusema. Hakuna mtu aliniuliza, na mimi nikaona heri wafikirie nimeomoka.

Siku yenyewe ilianza na matope. Usiku mvua ilinyesha, na mnajua Kianda ikinyesha. Nilivaa gambuti kutoka kwa keja hadi barabarani, raba zangu nyeupe zikiwa kwa mfuko kifuani kama mtoto mchanga. Stage ya Olympic nikabadilisha, gambuti nikamwachia jamaa wa chapati anitunzie. Hiyo sikurekodi. Nilianza kurekodi nikiwa tayari na raba nyeupe.

Boda ilinipeleka Kibera Drive, ikaingia Mbagathi Way, ikatokea Lang'ata Road. Kama umekulia Kibera, Wilson huijui kwa jina, unaijua kwa sauti. Tangu utotoni ndege ndogo zinapita juu ya mabati, na tulikuwa tunazipungia mkono. Ule uwanja umeitwa hivyo kwa jina la Florence Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Karibu miaka mia ndege zinatoka hapo mlangoni kwetu, na kwa ploti yetu mimi ndiye wa kwanza niliyewahi kuingia kama abiria. Wenzetu wanaoingia humo wanaingia na mifagio na sare za ulinzi.

Ndani wakapima mzigo. Kilo 15, mwisho, na begi liwe laini. Mimi nilikuwa nimeazima sanduku gumu la magurudumu ili nionekane msafiri. Halikukubaliwa. Nikafungua sanduku sakafuni mbele ya wazungu waliovaa nguo za rangi ya mchanga, nikahamisha soksi na chupi kwenye mfuko wa soko. Stendi ya kamera ilibaki, taa ya duara ikabaki. Nilitokwa na jasho na ilikuwa asubuhi ya baridi.

Halafu tukangoja. Ndege ilikuwa iondoke saa moja na nusu. Ukungu ukakataa. Saa mbili, saa mbili na nusu, bado tumekaa. Tuliondoka karibu saa tatu. Kikao hicho chote nilikikata. Kwa vidio, mguu unaingia ndegeni na sekunde inayofuata tuko hewani.

Tulipopaa, kwa kama sekunde kumi hivi, niliona kwetu. Manze, hiyo kitu sitasahau. Mabati yote yamekaa kama kitambaa kimoja cha kahawia kilichokunjwa kunjwa, reli imepita katikati, moshi unatoka hapa na pale. Nilitafuta paa letu nikalikosa. Nilirekodi. Usiku nikiunganisha vipande nikaona hiyo kahawia inaharibu rangi ya vidio, nikaitoa. Ndio hivyo. Nimeandika "Kutoka Kianda", halafu Kianda yenyewe nikaikata.

Mnakumbuka zile dakika 45? Ndege haikuenda Nanyuki moja kwa moja. Ilikuwa na watalii wa kushusha kwanza, kwa uwanja wa vumbi ndani ya hifadhi. Tukashuka, tukashuka, halafu ghafla rubani akainua pua ya ndege tukapanda tena. Punda milia walikuwa wamesimama katikati ya njia. Tukazunguka juu mpaka gari likaja kuwafukuza. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anaomba kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nimeshika kile kiti cha mbele kwa mikono miwili na tumbo limebaki juu. Nilitapika kidogo ndani ya ule mfuko wa soko, na nguo zangu zilikuwa humo. Sasa mmejua.

Na mlima? Hata siku moja. Kwa ndege nzima sikuuona Mlima Kenya. Mlima huo asubuhi mapema ndio hujitoa, ukichelewa kidogo unavaa mawingu kama blanketi na umeshafunga duka. Lile bawa lililo juu ya mawingu mlilolipenda, nyuma yake kulikuwa na mawingu mengine. Nilitua Nanyuki baada ya saa nne asubuhi. Kutoka kwa keja yangu, hiyo ni masaa matano na zaidi.

Hapo uwanjani nissan ikatuchukua. Sisi Wakenya nissan ni nissan hata kama ni Toyota. Paa la kufunguka, mlango wa kuvutwa kwa nguvu mbili. Kabla ya kuingia mjini kuna lile bango la ikweta, tukasimama kidogo. Kuna jamaa na beseni lenye tundu na vijiti vya kiberiti. Upande huu wa mstari maji yanazunguka hivi, upande ule yanazunguka vile. Watu wanashangaa, wanalipa. Dereva wetu, mzee fulani mpole, akaninong'oneza, "Angalia mkono wake anapomimina." Kweli. Dunia kuzunguka hakuwezi kugeuza maji ya beseni dogo hatua chache kutoka kwa mstari. Ni namna anavyoyamimina. Sikumchukia yule jamaa, anatafuta riziki yake. Lakini nilipokuwa nikiandika haya nikamkumbuka, nikajiuliza mimi kwa simu yangu namimina vipi.

Mjini Nanyuki tukabeba wengine, kundi la vijana sita waliokuja kupanda mlima kwa pesa yao. Wamekaa kwa hoteli ndogo karibu na stage, wamemaliza chai na mandazi, wanacheka. Nikauliza mmefika saa ngapi. Wakasema saa tatu na nusu. Walitoka tauni na matatu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nauli mia sita.

Rudia hiyo polepole. Wao walitoka Nairobi na mia sita wakafika kabla yangu. Na walikuwa na hadithi. Walisimama Makutano wakanunua ndizi kupitia dirishani. Karatina kuna mama alipanda na kuku, kuku akatoka, matatu nzima ikamsaka chini ya viti. Na waliuona mlima! Wakikaribia Naro Moru, kabla mawingu hayajafunga, ulikuwa wazi wote upande wa kulia. Mmoja akanionyesha picha kwa simu yake iliyopasuka kioo. Mimi nilikuwa na picha ya bawa.

Kutoka Nanyuki tulishika barabara ya Meru kama kilomita 15, tukakata kulia kuelekea lango la Sirimon. Hapo njiani tairi likapasuka. Dereva akatoa jeki, jeki ikazama kwa udongo laini. Tukatafuta mawe. Mzee aliyekuwa na mkokoteni wa punda akasimama, akashusha ubao wake mmoja, tukaweka jeki juu ya ubao. Wale vijana sita walikuwa wamevua jaketi wako chini ya gari. Mimi nilisimama kando nikiangalia raba zangu nyeupe. Baadaye niliona haya nikaingia pia, nikasukuma. Ubao wa yule mzee ulipasuka na akakataa pesa. Alisema tu, "Mkirudi mnisalimie."

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri zaidi ya siku yangu. Yaani kama ungeniuliza usiku huo ni nini kimetokea leo, ningekuambia ya ubao. Nilikuwa nimeirekodi yote. Nikawatumia wale wa kampuni, wakajibu kwamba hiyo ya gari bovu haiendani na picha wanayotaka, niache ya ndege na ya chai. Nikaacha ya ndege na ya chai. Hawakunishikia kisu. Ningeweza kukataa.

Langoni, mita kama 2,650 kutoka usawa wa bahari, kulipa ni kwa mtandao, na simu zetu zilikuwa na mshale mmoja wa mawimbi unaokuja na kuondoka. Tulikaa karibu saa nzima tukiinua simu juu kama watu wanaosifu. Halafu tukaanza kutembea kama kilomita tisa hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Mvua ikaanza. Ndani ya nusu saa raba zangu nyeupe zilikuwa bwawa.

Mbele yangu alikuwa anatembea mpagazi, kijana wa rika langu, mzigo mgongoni, anapiga mluzi. Nikaangalia miguu yake. Gambuti. Zile zile! Wapagazi wengi mlimani huko wanapanda na gambuti. Na mimi zangu nilikuwa nimeziacha Olympic kwa jamaa wa chapati kwa sababu niliogopa kuonekana mtu wa matope.

Nilifika kambini giza likiingia, kichwa kinagonga. Mwili hauna habari ulikuja na ndege au na matatu. Ukitoka Nairobi, mita 1,700 hivi, ulale 3,300 siku hiyo hiyo, kichwa kitakudai. Kile kikombe cha chai cha vidio nilikishika nikiwa natetemeka, na aliyenipikia ni yule yule wa gambuti. Pia yeye nilimkata.

Hivyo ndivyo ilikuwa. Sasa maoni yangu.

Sisi tunaotengeneza vidio za safari tumefanya ndege ionekane ndiyo safari. Na kila anayetazama kutoka Kianda, Gatwekera, Kawangware, anabaki na jambo moja kichwani: mlima ni wa wenye ndege. Hatukusema hivyo kwa mdomo. Tulisema kwa kukata. Tukikata matatu, tukikata bei, tukikata aliyelipa, tunachobakisha ni uongo ambao kila kipande chake ni cha kweli. Niliwahi kupanda ndege, ndiyo. Niliwahi kunywa chai mlimani, ndiyo. Na bado nilidanganya.

Najua mtanijibu. Mmoja wenu alishaniambia nilipomsomea hii: "Kwani mtoto wa ghetto haruhusiwi kuota ndege?" Anaruhusiwa. Hata mimi nilipopungia zile ndege nikiwa mdogo nilikuwa naota. Mtoto wa Kianda akiingia Wilson kama abiria ni kitu cha kufurahia, na sitaki mtu aje aniambie tukae chini kwenye mabati yetu tutulie. Lakini ndoto isiyo na bei ni mtego. Ukimwonyesha mtu duka lote ukamficha bei, usishangae akifika kaunta na mkopo.

Mwingine atasema kila mtu ajisimamie, huyo kijana ana akili zake. Ni kweli, na hata yeye anasema hivyo. Hakuna mtu alimlazimisha. Ila alifanya uamuzi kwa habari aliyokuwa nayo, na habari hiyo nilimpa mimi, na nusu niliificha. Alidhani mimi, mtu wa ploti ya pili, tena niliyeacha chuo, nimelipa kwa mfuko wangu. Akajiambia, kama huyu ameweza, mimi nashindwaje? Hiyo hesabu yake ilikuwa sawa. Namba nilizompa ndizo zilikuwa mbovu.

Na hii ya mlima kuwa wa wageni inaniuma kwa njia nyingine. Nchi yetu imeitwa jina la huo mlima. Wakamba waliuita Kiinyaa, Wakikuyu wanauita Kirinyaga, na mmishonari Krapf alipouona kutoka Ukambani mwaka 1849, jina alilolichukua ndilo hilo tunaloandika kwa kitambulisho. Desemba 1963, tulipopata uhuru, Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu huko juu. Alipanda kwa miguu. Kwa kitambulisho changu mimi nimebeba jina la mlima ambao hadi juzi nilikuwa nimeuona tu kwa kalenda.

Usiku ule Old Moses, kiongozi wetu alitupigia hadithi nyingine. Mwaka 1943, wakati wa vita, kulikuwa na kambi ya wafungwa Waitaliano hapo Nanyuki. Watatu kati yao, mmoja anaitwa Felice Benuzzi, walikuwa wanauona mlima kila asubuhi kupitia waya. Wakatoroka ili tu waupande. Vifaa walikuwa wameunda wenyewe kwa vyuma vya kuokota, na mojawapo ya ramani zao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, halafu wakarudi kambini wenyewe wakajisalimisha. Sikwambii uende bila vifaa. Baridi ya huko inaua, na mtu hapandi bila kiongozi anayejua njia. Ninachosema ni kwamba watu wameutaka huu mlima wakiwa hawana kitu, na mlima haukuwauliza walikuja na nini.

Tena muda hauko mwingi. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote za mlima huo, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na imeendelea kuisha. Watoto wa mtaa wakingoja wawe na pesa ya ndege ndipo waende, watafika wakute mawe.

Na njia za bei ya chini zipo. Matatu ya Nanyuki zinatoka tauni kila siku. Desemba 2020 treni ilirudishwa hadi Nanyuki baada ya reli kukarabatiwa, na tikiti ya chini ilianza na shilingi 200. Mia mbili! Hiyo ni chapati na madondo za siku mbili. Umewahi kuona mtengeneza vidio yeyote mkubwa akiiweka hiyo na muziki wa kusisimua? Mimi pia sijawahi kuiweka. Hakuna mtu wa kunilipa niiweke.

Hapo ndipo shida ilipo, kusema ukweli. Matatu haina bajeti ya kunitafuta. Mzee wa ubao hana mtu wa mawasiliano. Anayeweza kunilipa ni yule wa kitu ambacho watu wangu hawawezi kununua. Nikikaa tu bila kujiuliza, kazi yangu yote itakuwa kuwaonyesha majirani vitu vya kukopea.

Kwa hivyo kuanzia leo, na mnishike kwa haya.

Moja, kila safari nitasema aliyelipa, sekunde ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida. Si chini kabisa kwa herufi za mchwa.

Mbili, nikionyesha ndege nitaonyesha pia matatu: nauli, stage, saa ya kutoka na saa ya kufika.

Tatu, gari likiharibika, mtaliona likiharibika. Aliyebeba mzigo wangu mtamwona, akikubali kurekodiwa.

Kampuni isiyotaka hayo matatu, tutaachana kwa amani. Najua nitakosa kazi. Nimeshakosa moja tangu nianze kuyasema.

Na wewe unayetazama, nawe una kazi. Ukiona mtu wa rika lako, wa mtaa kama wako, ametokea mahali pa bei, kabla hujaandika "moto", muulize lile swali la mathe. Nani alilipa? Si wivu huo. Si kumroga. Ni kujua bei kabla ya kuingia dukani. Akikasirika, umeshapata jibu. Na kama tayari umekopa na app zinapigia watu wako simu, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa simu zinakataza kuwasumbua watu walio kwa simu yako ili wakuaibishe. Deni ni lako na utalilipa, lakini mathe wako si mdhamini kwa sababu tu namba yake iko kwa simu yako.

Nilimtafuta huyo kijana. Nilimkuta jioni akitoka mjengo, simiti hadi kwa nyusi. Nilimwambia pole. Nikamwambia ile pesa niliyolipwa, iliyobaki, achukue apunguze deni. Akakataa. Akasema deni ni lake na amebakisha app moja. Nikamwambia basi nitaifuta ile vidio.

"Usifute," akasema. "Ukifuta itakuwa ni kama haikufanyika. Andika vile ilikuwa."

Ndiyo nimeandika. Vidio iko pale pale, na juu yake nimeweka haya maneno.

Kozi ya umeme inachukua watu wengine muhula ujao. Pesa yangu aliikataa kwa deni, lakini tumeongea na mathe, na ya fomu ya kozi amekubali niilipe. Alinihesabia hadi shilingi ya mwisho, akasema asubuhi nimletee risiti.

Na likizo ya Desemba kuna wasee kumi hapa mtaani tunaenda Nanyuki. Tunatoka na matatu ya kwanza, tuuone mlima kabla haujafunga duka. Kila mtu anajilipia, na kama huna, usikope, ngoja zamu ijayo. Njoo na sweta mbili na jaketi ya mvua.

Na gambuti. Mimi zangu nazibeba.